Shangingi lililotumika, Mwanza: dalili, chanzo chake, na lipi la kuliacha

Bei ya shangingi zee huporomoka, lakini ya spea zake haiporomoki. Range Rover ya 2006, Discovery 3, BMW X5 au Porsche Cayenne ya miaka hiyo unaweza kuipata leo kwa pesa inayokaribiana na ya Harrier iliyotunzwa, na hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Kompresa, nozeli na giaboksi bado zinauzwa kwa hadhi ile gari liliyokuwa nayo likiwa jipya. Nyingi hazipo Nyakato wala Mabatini. Zinaagizwa Gerezani, Dar es Salaam, zinapanda basi kwa kilomita zaidi ya 1,100, au zinatoka Dubai na Uingereza kabisa.

Kwa hiyo usipoteze muda kujiuliza kama gari lina ubovu. Kwa umri huu yote yanao. Ulizia ubovu unatoka wapi, na kama kuna fundi Mwanza mwenye mashine ya kuusoma na mkono wa kuuondoa. Bushi zilizokwisha ni hoja ya kushusha bei. Krenki inayogonga ni sababu ya kuaga na kuondoka.

Injini ina moto kabla hujafika

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari limelala, limeegeshwa palepale tangu jana jioni. Nenda asubuhi. Kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja juu ya boneti.

"Bosi, nimeliwasha kidogo tu, betri ilikuwa imelala."

"Hakuna shida kaka, nitarudi kesho likiwa baridi."

Si kwamba kila dalali anakudanganya. Ila injini ikishapata moto huficha mengi: mlio wa cheni iliyolegea, moshi wa kwanza, shida ya kuwaka, upepo uliovuja usiku kwenye springi za upepo. Ukilikuta la moto mara ya pili, tafuta gari lingine.

Limelala upande mmoja

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo dalili inayoonekana zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Range Rover, Range Rover Sport na Discovery 3 nyingi hazina springi za chuma. Zinabebwa na mifuko ya mpira yenye upepo, kompresa ya umeme inayoijaza, valvu zinazogawa upepo, na sensa moja kila pembe inayopima urefu.

Kona moja imeshuka asubuhi na nyingine tatu zimesimama: mara nyingi mfuko wa kona hiyo umechanika kwenye mikunjo, au kiungo cha bomba lake kinavuja. Nyunyizia maji ya sabuni uone mapovu. Hiyo ni kazi inayofanyika hapahapa.

Gari lote limeshuka sawasawa: usikimbilie kusema mifuko yote imekufa. Magari haya hujisawazisha yenyewe yakiwa yamezimwa, kwa kushusha kona nyingine zifuate ile iliyopungua. Kona moja inayovuja inaweza kulilaza gari zima, na fundi asiyelijua hilo atakuuzia mifuko minne.

Gari linapanda taratibu mno, au linakataa kupanda kabisa: washa injini, lipandishe kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, usikilize. Kompresa iliyochoka hunguruma muda mrefu, kisha ujumbe wa hitilafu ya sasipensheni unatokea kwenye dashibodi. Kwenye Discovery 3 kompresa iko chini ya gari upande wa kushoto, mbele ya tairi la nyuma, mahali ambapo vumbi na tope vinaifikia vizuri. Kwenye Range Rover ya 2002 hadi 2012 iko ndani ya buti, kwenye shimo la tairi la akiba. Mara nyingi kompresa ikifa kuna aliyeiua: mfuko unaovuja uliifanya ifanye kazi mchana na usiku, au relei yake iliganda ikawa haizimiki. Ukibadilisha kompresa ukaacha uvujaji, umenunua mwezi mmoja wa amani.

Halijashuka, lakini linarukaruka kwenye matuta na taa ya sasipensheni imezibwa: limeshawekewa springi za chuma. Mwanza hili ni la kawaida na mimi silipingi, mradi bei ishuke na kazi iwe safi. Angalia waya na mabomba ya zamani yameachwa yakining'inia au yamefungwa vizuri. Mwulize muuzaji vipande vya asili viko wapi. Akiwa navyo, ni dalili nzuri kuhusu tabia yake kwa jumla.

Land Cruiser 100 na Lexus LX 470 zenye mfumo wa kupanda na kushuka hutumia mafuta na mipira ya gesi, si upepo mtupu. Lipandishe na kulishusha ukitazama kiwango cha mafuta kwenye chupa yake. Kikibadilika kidogo sana kati ya juu na chini, gesi imekwisha ndani ya mipira, na ndiyo maana gari linapiga mgongo kwenye mawe ya Isamilo.

Mshale wa joto umetulia, lakini maji yanapungua

Ukiniuliza niangalie kitu kimoja tu kwenye gari la kifahari lenye umri, nitaangalia mfumo wa maji. Gari likishachemsha vibaya mara moja, kila kitu kingine ulichokisifia hakina maana.

Fungua kifuniko cha tangi la maji likiwa baridi kabisa. Ukiona rangi ya kutu au tope, gari limekuwa likiongezewa maji ya bomba, au ya ziwani, badala ya kimiminika chake. Alumini na plastiki za injini hizi hazivumilii hilo. Toa kifuniko cha oili uangalie chini yake: utando mzito wa rangi ya maziwa unaonyesha maji yamekutana na oili. Washa injini, acha kifuniko cha maji wazi dakika chache za mwanzo tu kabla halijapata joto. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya silinda hedi. Hapo mazungumzo yamekwisha, hata muuzaji akipunguza milioni tatu.

Maji yanapungua na hakuna tone chini? Kwenye BMW ya V8 aina ya N62, iliyofungwa kwenye X5 kuanzia 2004, kuna bomba la maji linalopita katikati ya injini, chini ya manifoldi, na sili yake huoza. Kwenye Cayenne za kwanza za V8, mabomba ya maji yaliyo mahali hapohapo yalikuwa ya plastiki. Yakipasuka maji humwagikia starta. Muuzaji anayesema "huwa naongeza kidogo tu kila wiki" amekupa jibu lote bila kujua.

Kuhusu mshale: kwenye BMW, na magari mengine ya daraja hili, mshale wa joto umetulizwa makusudi. Unabaki katikati kwenye joto la chini na la juu vilevile, na ukianza kupanda mambo yameshaharibika. Chomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, soma namba halisi ya joto, kisha panda nalo mlima wa Bugando kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Namba ikipanda mlimani na kushuka ukifika tambarare, tazama rejeta na feni. Magari yanayolala Capri Point, Kirumba au Igombe hukusanya wale wadudu wadogo wa ziwani kwenye matundu ya rejeta na ya kondensa ya kiyoyozi. Kusafisha huko ni kazi ya saa chache, na ni moja ya magonjwa machache ya shangingi yanayotibika kwa bei ya chakula cha mchana.

Moshi

Acha injini iliyopata moto ingurume bila kukanyaga mafuta kwa dakika kadhaa, kisha kanyaga ghafla huku mtu amesimama nyuma. Wingu la bluu likitoka, sili za valvu zimekauka. N62 ina sifa hiyo. Gari litaendelea kutembea, litakuwa linakula oili tu, lakini kuzibadilisha ni kazi ndefu na si ya kila gereji. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikiwa ya moto ni maji yanayoungua. Mvuke wa asubuhi unaopotea haraka usikutishe.

Kwa dizeli, moshi mweusi ukikanyaga huanza na vitu vya bei nafuu: filta ya hewa iliyojaa vumbi la Geita, bomba la turbo lililopasuka, valvu ya kurudisha moshi iliyoganda kwa masizi. Turbo inayolia filimbi kali na kutoa bluu ni gharama nyingine kabisa. Kwenye Discovery 3, mafundi wengi huinua bodi yote kutoka kwenye chasisi ndipo wafikie turbo na kazi nyingine za nyuma ya injini. Ulizia kwanza kama gereji yako ina lifti ya kubeba uzito huo.

Injini inagonga, au inakwaruza ikiwashwa asubuhi

Mkwaruzo wa chuma wa sekunde chache asubuhi, kwenye Range Rover ya petroli ya 2002 hadi 2005 yenye injini ya BMW ya lita 4.4, huwa ni reli za plastiki zinazoongoza cheni ya taimingi. Zimekatika au zinakaribia. Injini ya V8 ya lita 5.0 iliyoingia karibu na 2010 nayo ina historia ya vikaza cheni vilivyochoka.

Mercedes ML zenye V6 ya M272 za miaka ya mwanzo, hadi takribani 2006, zina gia ya shafti ya mizani inayolika meno. Mlio unaweza usiusikie kabisa. Inaonekana kwa taa ya injini na misimbo ya hitilafu ya taimingi ya kemshafti, na dawa yake ni kushusha injini. Muuzaji atakwambia ni sensa. Wakati mwingine ni sensa kweli, basi aibadilishe yeye kwanza kisha akupigie.

Dizeli ya V6 ya lita 2.7 kwenye Discovery 3 na Range Rover Sport ni injini tamu, yenye hofu moja: beringi za krenki zinazozunguka na krenki inayokatika. Haitoi notisi ndefu. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, unaofuata kasi ya injini, hata ukiwa hafifu, usiujadili. Kinachokulinda zaidi ni ushahidi wa kubadilisha oili mapema na kwa oili sahihi. Maneno ya mdomo hayatoshi. Injini hiyo ina belti ya taimingi mbele na nyingine ndogo nyuma inayozungusha pampu ya mafuta ya presha kubwa, na ratiba ya Uingereza huhesabu miaka 7 hata kama kilomita hazijafika. Gari la 2007 lenye belti yake ya kiwandani limepitwa na wakati zamani sana. Kama hakuna risiti, toa bei ya kazi hiyo kwenye pesa yako siku hiyohiyo.

Hata Land Cruiser VX ya V8 ya lita 4.7, inayoaminiwa kuliko zote kanda hii, ina belti. Watu husahau kwa sababu haisumbui.

Giaboksi inachelewa, inapiga, inatetemeka

Ijaribu mara mbili, ikiwa baridi na ikiwa ya moto, maana kila hali ina siri zake. Mguu ukiwa kwenye breki, toka P uingie R, kisha D. Ikichelewa kushika na kisha ikapiga teke, presha ya mafuta ndani imepungua. Kwenye giaboksi ya ZF ya gia sita iliyomo kwenye Discovery 3, Range Rover na BMW nyingi, anza na uvujaji: karteri yake, bakuli la mafuta la chini, ni ya plastiki na filta imo humohumo, na sili ya soketi ya umeme huvujisha mafuta polepole.

Watengenezaji wa magari walitangaza kwamba mafuta hayo ni ya maisha yote ya gari. ZF wenyewe wanashauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mimi nawasikiliza waliotengeneza giaboksi.

Kwa mtetemeko, toka mjini kwa Barabara ya Nyerere, pita Buzuruga na Igoma, na baada ya Kisesa tembea kwa mwendo wa 60 hadi 80 bila kubadilisha mkanyago. Ukihisi usukani na kiti vinatetemeka kama tairi limepita kwenye matuta madogo, kisha vinaacha ukikanyaga zaidi, ni kibadili nguvu (torque converter), kiungo kati ya injini na giaboksi, kinachoteleza kinapojifunga. Mafuta mapya wakati mwingine huponya. Usinunue ukitegemea hilo.

Dashibodi imejaa taa, au haina hata moja

Taa nyingi kwa pamoja, za ABS, sasipensheni, fo-wili na breki ya mkono, huelekea kwenye betri au alternata kabla ya kitu kingine. Magari haya yana kompyuta nyingi, na umeme ukishuka kidogo kila moja hulalamika kwa lugha yake. Pima volti injini ikiwaka. Chini ya 13.5 anza hapo. Breki ya mkono ya umeme ya Discovery 3 ikitoa sauti kali ya kukereka, viatu vya breki vya nyuma vimejaa vumbi au havijarekebishwa, na ukipuuza inavunja gia zake.

Dashibodi isiyo na taa hata moja naiogopa zaidi. Washa umeme wa gari kwa ufunguo bila kuwasha injini: taa zote lazima ziwake kwanza, ya injini na ya mifuko ya hewa ya ajali (eabegi) zikiwemo. Isiyowaka imeondolewa. Kisha soma kwa kifaa kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Vikiwa havijakamilika, misimbo ya hitilafu imefutwa karibuni, pengine ukiwa njiani kuja.

Harufu ya ukungu

Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko kawaida na maji yakaingia kwenye maeneo ya mwaloni, yanakoshushwa samaki, na nyumba za kando. Gari lililokaa kwenye maji halisemi. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho utafute mstari wa tope. Pitisha kidole chini ya reli za viti, inua zulia la miguuni, chungulia shimo la tairi la akiba. Kama kuna unyevu tu, bila tope, huenda ni mifereji ya paa la kioo iliyoziba, hiyo inazibuliwa. Harufu ya dagaa ni jambo lingine. Haina madhara kwa injini, ila haitoki.

Kutu

Ziwa Victoria ni maji baridi, halina chumvi, kwa hiyo gari lililoishi Mwanza maisha yake yote lina chasisi yenye nafuu. Kutu nyingi unayoikuta hapa ilipandishwa meli: Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na Dar na Zanzibar zina upepo wa bahari. Tazama chasisi upande wa nyuma na mabomba ya breki. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini yote wiki hii imefunika kitu. Gonga kwa nyundo ndogo usikie.

Kilomita ni chache mno

Magari ya Uingereza huhesabu maili. Namba 90,000 kwenye dashibodi hiyo ni kama kilomita 145,000, na tangazo huandika "km 90,000" bila kuona haya. Baada ya hapo linganisha na mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Kompyuta za giaboksi na ABS mara nyingine huhifadhi namba yao wenyewe, na aliyerudisha nyuma namba za dashibodi huwa hakuzikumbuka.

Karatasi

Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Injini ya kubadilishwa si dhambi, lakini iwe kwenye kadi. Jina la muuzaji lifanane na kadi. Msururu wa watu watatu waliouziana bila kuhamisha umiliki TRA utakuwa mzigo wako. Angalia faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi.

Gari lenye namba za Kenya au Uganda lililoingilia Sirari au Mutukula kwa kibali cha muda halijalipiwa ushuru, hata kama linauzwa kwa bei ya kupendeza. Vivyo hivyo shangingi lililokuwa la mradi lenye namba za DFP: liliingia kwa msamaha, na likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha kodi inadaiwa. Ulizia kodi hiyo imelipwa na nani, uione risiti.

Mwisho, dai funguo zote mbili na uzijaribu zote kufungua na kuwasha. Kutengeneza ufunguo wa pili wa magari haya kunahitaji mashine maalumu, na aliye na ufunguo ule uliopotea anaweza kulijua gari lako linapolala.